Chumba cha Kupozea Maziwa

Chupa ya soda yenye mkojo ilikuwa imesimamishwa wima juu ya jiwe, kifuniko kimekazwa vizuri, kana kwamba mwenyewe alikusudia kurudi kuichukua. Namnyaki aliiona kabla ya wageni wake. Akaenda kusimama mbele yake, akawaonyesha upande wa pili, kule juu kwenye miti, akisema kulikuwa na mbega, huku kisigino chake kikiisukuma ile chupa taratibu iangukie vichakani. Ilianguka, lakini iligonga jiwe jingine kwanza, na kile kifuniko kilichokazwa vizuri kikaachia. Namnyaki akahisi soksi yake ikilowa.

"Sioni mbega," Jasdeep akasema.

"Wameingia ndani," akajibu Namnyaki, akitabasamu kwa mkono mdomoni kama kawaida yake.

Mzee Gurbachan, babu yake Jasdeep, alikuwa ameegemea fimbo akivuta pumzi. Akanusa hewa. "Mbega wana akili," akasema. "Mahali panaponuka hivi hata mimi ningeingia ndani."

Namnyaki akacheka kwa adabu na kuendelea mbele, kila hatua soksi ikitoa sauti ndogo ya kunyonya. Angeweza kusimama aivue. Lakini angesema nini?

Siku hiyo alikuwa anapimwa, na mpimaji alikuwa Jasdeep. Familia yao ina duka la spea mjini Arusha tangu zamani, ila yeye spea hazikumkaa moyoni, akaanzisha kikundi cha watu wa mjini wanaopanda milima kila Jumamosi. Alikuwa anatafuta mtu wa kuwaongoza upande huu wa magharibi wa Meru, kwenye hifadhi ndogo ya kijiji yenye chemchemi na magofu ya nyumba ya setla wa kizungu. Namnyaki aliandika barua ya maombi mara tatu ndipo akaituma. Mwaka mzima alikuwa ameuza mitumba ya watoto soko la Kwa Mrombo kuanzia asubuhi, na jioni akaenda darasani Lemara kujifunza kuongoza wageni, akisinzia na kuamka, akiandika kila neno la mwalimu kwenye daftari. Akipita leo, kazi ni yake. Asipopita, Jumatatu atarudi kukung'uta magauni ya watoto wa Ulaya mbele ya wapita njia.

Kwenye simu Jasdeep alikuwa ametoa sharti moja tu. Hakutaka mwongozaji mwongo. Wa mwisho alimwambia yale magofu yalikuwa jumba la malkia, akachora na ramani.

Mgongoni Namnyaki alikuwa amembeba Koikai, mwanawe wa miezi tisa. Hakuwa na pa kumwacha. Siku nyingine zote mtoto alikaa na mama mkwe, yeyo, kama wanavyowaita mama zao Waarusha. Yeyo aliacha nyumba yake na ng'ombe wake wawili huku mlimani, akashuka kukaa nao katika chumba cha kupanga Olasiti, mjini, kwa ajili ya mjukuu tu, maana baba mtoto, Lemburis, ni dereva wa greda na mwezi mzima unaweza kuisha yuko Babati. Yeyo alishika kila kitu cha mtoto, chakula chake, usingizi wake, hata uchafu wake. Jumamosi tu, kama leo, ndiyo alipanda kwenda kuangalia ng'ombe, mzigo wake mgongoni, na Jumapili akarudi na dumu la maji ya chemchemi. Maji ya mjini hakuyaamini. Namnyaki alikulia upande wa mashariki wa mlima, ambako maji yana floraidi na meno ya watoto huota tayari yakiwa ya kahawia, ndiyo maana alicheka kwa mkono mdomoni. Yeyo alikuwa ameapa kwamba meno ya Koikai yataota meupe kama maziwa.

Kwa sasa meno hayo yalikuwa yanamtesa. Wiki mbili tumbo la mtoto lilikuwa likiharisha. Yeyo alisema ni meno, na kwa kuwa amelea sita, nani abishane naye.

Njia ilizidi kupanda na uchafu ukapanda nayo. Mifupa ya kuku ilikuwa imetapakaa chini ya mkuyu, imekauka na kugandwa na siafu. Vifuko vya pombe kali vilikanyagiwa kwenye matope hadi vikawa kama sakafu. Kwenye kona moja mtu alikuwa amejisaidia katikati ya njia kabisa, si pembeni, na aliyefuata akakanyaga, na nyayo zake ziliendelea mbele hatua sita, kila moja ikipungua rangi. Namnyaki aliziruka nyayo hizo kwa hasira.

Aliwaambia wageni wake kwamba hao ni watu wa mjini. Wanapanda na magari, wanachoma nyama, wanapiga muziki, wanaacha kila kitu. Mwanakijiji hawezi kufanya hivyo, alisema, chemchemi kwa Mwarusha si kitu cha kuchezea. Akawaeleza kuhusu mzee Yiamat, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi: ukichafua maji unatoa kondoo, kondoo anachinjwa palepale, wazee wanamla mpaka mifupa, na wewe mwenyewe umekaa unawatazama. Mwaka mzima Yiamat hajampata wa kumtoza.

"Kwa sababu watu wa mjini wana magari," akamalizia.

"Watu wa mjini ni mimi," Jasdeep akasema, bila ukali.

"Si nyie, dada. Hao wengine."

Mzee Gurbachan akataka kujua kama huyo kondoo huliwa na pilipili.

Walifika kwenye mdomo wa chemchemi saa nne. Hapa Namnyaki alikuwa na hotuba yake, ameikariri kwa wiki tatu akimnyonyesha mtoto. Maji yalitoka kwenye ukuta mdogo wa mawe, yakamwagika kwenye jiwe lililochongwa mfano wa ulimi, kisha yakaingia mferejini kushuka kwenye mashamba. Alisimama kando yake na kunyoosha mkono.

"Maji haya yametembea chini ya mlima miaka mingi," akasema. "Hayajaguswa na mkono wa mtu. Nyie ndio wa kwanza."

Jasdeep akajaza chupa yake, akanywa, akafumba macho kwa ule ubaridi. Mzee Gurbachan akakinga viganja, akanywa mara mbili, ya pili ikamlowesha ndevu zote nyeupe. Namnyaki naye akanywa, akamlowesha Koikai midomo. Kwa mara ya kwanza tangu ile chupa, alihisi mambo yanakwenda vizuri.

Kutoka hapo hadi kwenye magofu ni dakika kumi za kupanda. Setla aliyejenga pale alikuwa na ng'ombe wa maziwa, jina lake limeshasahauliwa, watu humwita Bwana Maziwa tu. Nyumba yake ilibaki kuta tatu na bomba la moshi. Mzee Gurbachan hakuwa amekuja kutembea, alikuja kwa ajili ya kuta hizo. Baba yake alikuwa mwashi, na kabla Gurbachan hajazaliwa alipandishwa huku na punda wawili na sanduku la patasi, akakaa miezi minane akichonga mawe. Alipomaliza, akaandika jina lake kwenye jiwe moja la ndani, kwa herufi za kwao. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka themanini na nne sasa, na jiwe hilo hajawahi kuliona.

"Alisema ameliweka penye baridi," mzee akaeleza. "Alisema jua halitalifuta."

Ndani ya nyumba watu walikuwa wameandika majina ya wapenzi wao kwa mkaa. Kwenye meko palipokaa moto wa Bwana Maziwa palikuwa na mafungu matatu ya kinyesi, moja bichi, nzi wa kijani wakipanda na kushuka juu yake bila haraka, na pembeni kurasa za kitabu cha dini zilizotumika kujifutia. Jasdeep alifunika pua kwa ncha ya shali. Mzee alizunguka kuta taratibu, akipapasa mawe, akigeuza uso kila alipokanyaga kitu kilaini. Namnyaki aliona aibu kana kwamba amemkaribisha kwake akakuta kitanda hakijatandikwa.

Penye baridi, alijua, ni sehemu moja tu. Nyuma ya nyumba, pale chemchemi inapotoka kwenye mwamba, Bwana Maziwa alijengewa chumba cha kupozea maziwa. Chemchemi inapita ndani yake kwenye birika refu la mawe, zamani makopo ya maziwa yalisimamishwa humo, kisha maji yanatoka kwa tundu upande wa pili na kuteremka chini kwa chini hadi kwenye ule mdomo walikokunywa. Namnyaki alijua yote hayo kutoka kwenye daftari lake. Ndani hakuwa ameingia tangu ajifungue.

Alipoinama mlangoni harufu ikamrudisha hatua mbili.

Haikuwa harufu ya choo. Choo kina harufu moja, unabana pua unapita. Hii ilikuwa na matabaka. Juu palikuwa na kitu kitamu, maziwa yaliyoharibika. Chini yake ukali uliochoma macho. Na chini kabisa uozo mzito uliokaa juu ya ulimi ukakataa kuondoka. Mgongoni Koikai akapiga chafya. Jasdeep akawasha tochi ya simu na kupitisha mkono juu ya bega la Namnyaki.

Birika lilikuwa limejaa mifuko. Mifuko ya unga wa sembe, ile ya kilo tano, kila mmoja umefungwa mdomo, imepangwa safu kwa safu kama bidhaa stoo. Huo mpangilio ndio uliomsisimua mwili Namnyaki kuliko kitu kingine, maana aliyeiweka hakuitupa. Aliipanga, akairudia, akainyoosha. Safu za chini zilikuwa zimepasuka, na kutoka humo zilichomoza pampasi zilizovimba maji hadi ukubwa wa mikate, zikichuruzika dawa yake ya ndani kama uji wa kioo, na ndani ya uji ule funza weupe walikuwa wakijikunja. Utepe wa ute wa manjano ulishuka ukutani, ukaingia kwenye maji, ukanyooka, ukaelekea tunduni.

Mwanga wa simu uliufuata ute huo hadi tunduni, ukasimama hapo.

"Hii inakwenda wapi?" Jasdeep akauliza.

Kisha akaelewa mwenyewe. Alitoka nje mbio, akashika mwimo wa mlango, akatapika maji tu, yale yale, baridi bado. Mzee Gurbachan aliketi juu ya jiwe na kuyatazama mapaja yake.

"Nimeponea malaria, nimeponea pikipiki, nimeponea mke," akasema. "Sasa nitakufa kwa pampasi."

Jasdeep akajifuta mdomo. Alikuwa amejaa machozi ya kutapika na ghadhabu. Aliuliza ni mtu gani anayeweza kufanya kitu kama kile, mtu wa namna gani, na Namnyaki alikuwa na jibu tayari kinywani, lilelile alilokuwa akilitoa tangu asubuhi. Akageuza macho kwenye mifuko ili alitoe kwa uchungu zaidi. Ndipo alipoona ilichofungiwa.

Kila mfuko ulifungwa kwa utepe wa shuka nyekundu yenye miraba. Shuka hiyo aliifahamu. Ilikuwa ya yeyo, iliungua pasi mwezi wa pili, na yeyo akaichana vipande vya kufungia vitu.

Akachukua mfuko wa juu, uliokuwa mkavu. Akafungua fundo. Ndani, kila pampasi ilikuwa imevingirishwa karatasi ya daftari, na hapo hakuhitaji kusoma, kwa sababu yeye ndiye alikuwa akizivingirisha, kila usiku na kila asubuhi, ili yeyo asishike uchafu kwa mkono mtupu. Alikuwa akichana kurasa alizokwisha kukariri. Mwandiko ulikuwa wake, wa mviringo, wa kalamu ya bluu, na doa la manjano lilikuwa limefika hadi mstari wa tatu. *Maji haya hayajaguswa na mkono wa mtu.*

Jasdeep alikuwa nje, amegeuka upande mwingine. Mzee hakuwa na miwani. Karatasi ile ingeweza kuzama kwenye birika na hakuna ambaye angejua. Angesema watu wa mjini, wangemwamini, wangesikitika pamoja, na Jumatatu pengine angepigiwa simu. Alisimama na ile pakiti mkononi, ikiwa na uzito wa kitu kilichowahi kuwa na joto, na akakumbuka jinsi alivyokuwa akifurahi kila Jumamosi chumba cha Olasiti kikiacha kunuka. Miezi tisa. Hakuwahi kuuliza hata siku moja.

"Ni za mwanangu," akasema.

Jasdeep akageuka. Akamtazama mtoto, akaitazama mifuko, akamrudia mama.

"Umezileta wewe?"

"Sikuzileta. Ila ni zangu. Mama mkwe wangu huzichukua kila wiki, na mimi sikuuliza anazipeleka wapi."

"Asubuhi nzima unawasema watu wa mjini."

"Ndiyo."

"Na wale mbega?"

"Hawakuwepo," Namnyaki akasema. "Kulikuwa na chupa ya mkojo. Imenimwagikia kwenye soksi."

Mzee Gurbachan akakohoa ndani ya ndevu. Jasdeep hakucheka. Akaokota chupa yake ya maji, akaimwaga yote chini, akaikung'uta tone la mwisho, akaanza kufunga begi. Namnyaki aliona kazi yake ikiingia ndani ya begi lile na zipu kufungwa.

Wakasikia mtu akija. Hatua fupi nzito, na dumu tupu likigonga kwenye mawe. Yeyo alitokea kwenye kona ya ukuta, mgongo umeinama, mkanda wa mzigo ukipita kwenye paji la uso, kiroba kimetuna nyuma yake. Pikipiki ilimwacha chini, njia iliyobaki aliipanda mwenyewe. Alipomwona mkwewe na mjukuu uso ukamwangaza. Akatua kiroba chake kwa uangalifu kama aliyebeba mayai.

"Takwenya, yeyo," Namnyaki akasalimu.

"Iko," akajibu yeyo, na akanyoosha mkono.

Kwao mdogo huinamisha kichwa na mkubwa hukigusa. Namnyaki aliutazama mkono ule uliokuwa umetoka kwenye mdomo wa kiroba sasa hivi. Ngozi ya utosi ilimsisimka kabla haijaguswa. Mkono huohuo ulimkanda siku arobaini za uzazi, ukamlisha uji wa mafuta kijiko kwa kijiko. Akainamisha kichwa. Kiganja kikatua kwenye nywele zake, kizito, chenye unyevu, kikakaa pale muda wote ambao upendo unahitaji.

Yeyo alidhani wageni wameletwa waone. Akawasalimu wote, akampa mzee Gurbachan shikamoo, kisha akaanza kueleza, Kiswahili kikichanganyika na Kiarusha. Gari la taka la mjini linakwenda kuchoma kila kitu dampo. Ukichoma uchafu wa mtoto, mtoto anaungua makalio. Jirani yao Olasiti alichoma, mwanawe akatoka vidonda hadi mapajani, wote waliona. Ukitupa hovyo, mwenye roho mbaya ataokota. Basi akafikiria sana mahali pa kuweka ambapo ni pa baridi siku zote, pasipofikiwa na moto wala mtu, akakumbuka chumba hiki, ambacho hata maziwa ya mzungu hayakuchacha.

"Toka nianze," akasema kwa fahari, "Koikai hajatoka upele hata mmoja."

Na ilikuwa kweli. Kwa Mrombo nzima Namnyaki alikuwa akijisifia makalio ya mwanawe.

Mkwe hamwambii yeyo kwamba ni mchafu. Maneno hayo hayapo. Namnyaki akaokota lile dumu, akamshika yeyo mkono, ule ule, akamwingiza mlangoni. Alinyoosha kidole tu: mfuko uliopasuka, ute, maji, tundu. Kisha akamtoa nje na kumwonyesha njia ya maji inavyoteremka, mpaka kule chini ambako jiwe lililochongwa kama ulimi lilionekana kati ya majani, likimwaga.

"Dumu hili huwa unalijaza wapi, yeyo?"

"Si ni pale pale."

"Na yale ya pale yanatoka wapi?"

Yeyo akageuka. Aliangalia juu, akaangalia chini, akaangalia tena juu. Namnyaki alimwona akikokotoa, na akatamani aache, asifike mwisho.

"Siyo meno," yeyo akasema hatimaye. "Hilo tumbo."

"Siyo meno."

Bibi akaketi palepale kwenye majani. Akaanza kufuta mikono kwenye shuka yake, kiganja kimoja, kingine, tena kile cha kwanza. "Nimemnywesha," akasema. "Kwa kikombe. Nilikuwa namshika kidevu."

"Tumemnywesha," Namnyaki akasema, akaketi kando yake.

Hawakukaa sana, kwa sababu Koikai alichagua dakika hiyo. Sauti ilisikika na wote wanne, kisha harufu, kisha kimiminiko kikavuka pampasi na kushuka kwenye kitenge hadi kiunoni kwa mama yake. Namnyaki akamfungua mbio. Mikono ya yeyo haikuwa ya kushikia mtoto, na ya Namnyaki ilikuwa imeshaloa, kwa hiyo aliyemkinga mtoto alikuwa mzee Gurbachan, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mikono na akachafuliwa mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama kwa kuridhika. Mama alipomaliza kumfuta na kumvika nyingine, mzee aliinua ile iliyovuliwa kwa vidole viwili, mbali na mwili.

"Haya," akasema. "Hii tunaiweka wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na lilining'inia pale likidondoka. Jasdeep alisimama na begi lake bila kuondoka. Kwenye daftari la Namnyaki hakuna mwalimu aliyelizungumzia. Aliyejibu alikuwa yeyo, kwa sauti ndogo.

"Kwenye migomba yangu. Ni mbali na mfereji, upande wa chini. Udongo wa migomba ni wa baridi." Akafikiri. "Nitachimba shimo la kina. Moto haufiki, mtu hafiki."

Walianza kutoa mifuko. Yeyo alivua shuka ya juu akaifanya mbeleko ya kubebea, Namnyaki akavua viatu na soksi, akaingia ndani ya birika lenyewe, maji yakimfika magotini, ule uji wa kioo ukimteleza kati ya vidole vya miguu. Alitapika mara moja, akasukutua kwa mate yake mwenyewe, akaendelea. Safu za chini zilikataa kuinuka kwa mfuko. Alizichota kwa mikono. Kila karatasi iliyobandukia kiganjani ilikuwa na maneno yake. Karibu sana mgeni wetu. Tafadhali angalia unapokanyaga. Alipoomba kiroba kitupu, aliyemnyooshea mlangoni alikuwa Jasdeep, kavaa mifuko ya plastiki mikononi, shali imefungwa usoni hadi machoni. Alinyoosha mkono achukue kilichojaa.

Saa saba sakafu ya birika ilionekana. Mwishoni kabisa, nyuma ya safu ya mwisho, kwenye jiwe la kona, Namnyaki alihisi mikwaruzo kwa vidole. Akaifuta kwa ncha ya sketi yake. Mzee Gurbachan aliinamishwa, akaingizwa taratibu, mjukuu wake akishika tochi. Herufi zilikuwa kali kama zimechongwa juzi. Mzee alizipapasa moja baada ya nyingine bila kujali kilichokuwa kimezipaka, akilisoma jina la baba yake kwa kidole.

"Bado pana baridi," akasema. Yeyo, nje, aliitikia kwa kichwa kana kwamba amesifiwa yeye.

Jasdeep alitoa chupa ya dawa ya mikono, akawapa wote, akairudisha, akaitoa tena. Alimwambia Namnyaki kwamba wiki ijayo haleti watu, wala ijayo yake. Maji lazima yapimwe, na kamati iambiwe yote, si nusu. Namnyaki akasema atakwenda kwa mzee Yiamat leo hii, kabla ya kuoga, ili aamini. Yeyo akadakia kwamba kondoo anatoka kwake, yule mwenye doa, na kwamba amemwona Yiamat akimmezea mate kitambo.

"Barua yako ninayo," Jasdeep akasema. "Sitafuti mtu mwingine. Yakishapimwa nitarudi, na utanionyesha mbega."

"Kama watakuwepo," Namnyaki akasema. Alikuwa ametabasamu wazi kabla hajakumbuka mkono, na mkono ulikuwa mchafu mno kuusogeza mdomoni.

Waliteremka kwa mwendo wa mzee, na viroba vya kwanza vya kwenda migombani. Koikai alilala begani kwa Jasdeep, hakuna aliyejua ilitokeaje. Walipofika kwenye jiwe la ulimi, yeyo alishusha mzigo wake, na kwa mazoea ya Jumamosi nyingi akaliinamisha dumu lake chini ya maji. Lilijaa hadi mdomoni. Akafunga kifuniko, akaliinua, akapiga hatua mbili. Kisha akasimama.

Akalitua. Akafungua kifuniko, akalilaza kwa ubavu kwenye majani, na akabaki amechuchumaa kando yake, akilishikilia lisibingirike, hadi maji yakaisha yote.